Katikati ya Spika Mbili

Siku aliyofariki baba, spika zake zilikuwa kati ya vitu vya kwanza kutolewa sebuleni. Ndivyo tunavyofanya kwetu Bigwa msiba ukiingia. Makochi, meza, kabati, zulia, hata mapazia, vyote vinatoka ili watu wapate pa kukaa kwenye mikeka. Wanaume waliobeba hawakuuliza kitu gani kilikuwa kimekaa wapi. Walibeba tu, wakavirundika kwenye chumba cha uani, na spika wakazifunika kanga, maana nyumba yenye msiba haipigi redio.

Baba yangu, mzee Mwinjuma, alikuwa seremala. Maboksi ya zile spika aliyachonga mwenyewe kwa mbao za mninga, na vya ndani alivinunua kwa fundi redio mjini, kimoja leo, kingine mwaka uliofuata. Jioni akirudi kazini alizipitishia kitambaa kwanza kabla hajanawa kula.

Alikuwa na mchezo wake na mama. Kila alipobadilisha kitu kidogo, pengine amekaza skrubu, pengine amebandika kipande cha godoro ndani ya boksi, alimwita mama aje akae kwenye kiti chake, kile kinachotazama ukuta wenye saa. Halafu anachomeka flashi. Kwenye flashi kulikuwa na sauti yake mwenyewe, aliyojirekodi kwa simu. Inasema hivi:

"Mama Chausiku. Habari za hapo ulipo? Mimi nipo. Haya, niambie, niko wapi?"

Na mama anajibu, "Katikati."

Maana ndivyo ilivyokuwa. Spika moja ilikuwa kulia, nyingine kushoto, lakini sauti haikutoka kwenye hata moja. Ilitoka pale katikati, kwenye ukuta mtupu chini ya saa, kama mtu amesimama pale anaongea nawe. Siku mama akijibu "kushoto kidogo," baba anainuka kwenda kusogeza. Mimi nilikuwa nikisonga ugali huku nawasikia, nikaona ni michezo ya watu waliozoeana.

Basi baba akaondoka, na mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, ndani ya nyumba. Shangazi Mwanvita, dada yake baba, alikuja baada ya arobaini akakaa na mama mkekani.

"Wifi, mila unaijua," alisema. "Nyumba ni yako na kiwanja ni cha ukoo wenu, hapo hapana maneno. Ila vitu vya mikono ya kaka yangu vinakwenda kwa mpwa wake. Yunusi ndiye. Eda ikiisha tutakuja kuvichukua. Mpaka siku hiyo visiguswe, vimeshahesabiwa."

"Nimesikia, wifi."

"Una neno?"

Mama alikunja pindo la kanga yake, akalikunjua. "Spika. Naomba nikae nazo mpaka siku hiyo. Nimsikilize."

Shangazi alifikiri kidogo. Yeye si mtu mbaya, ila anaogopa kulaumiwa na wazee wa ukoo. "Spika zitoke," akasema. "Vingine vibaki uani."

Nikazitoa mwenyewe, moja moja, nikaziweka sakafuni penye ukuta, nikaunganisha na amplifaya ya baba. Sebule ilikuwa tupu. Kulikuwa na mkeka mmoja na kiti cha plastiki nilichomwekea mama, basi. Hata kikohozi kilizunguka kwanza ndipo kikanyamaza. Nikachomeka flashi.

"Mama Chausiku. Habari za hapo ulipo?"

Mama alinyanyua mkono. "Siye."

"Ndiye, mama. Ni flashi ile ile."

"Huyu anaongea ndani ya pipa. Rudia."

Nikarudia. Akasikiliza amefumba macho mpaka mwisho, hakujibu lile swali. "Zima," akasema.

Nilijaribu kwenye simu. Kwenye simu baba alikuwa mdogo, kama mtoto aliyejificha kabatini. Hiyo mama hakutaka hata kuimaliza.

Lakini kila siku baada ya swala ya alasiri aliniomba tena, labda leo. Na kila siku yule wa kwenye pipa ndiye aliyekuja. Siku moja nilikuwa namchana nywele, akaniambia kitu ambacho sijakisahau.

"Chausiku, namsahau. Kila nikisikia hii, ile ya kweli inatoka. Sura yake ninayo, mikono yake ninayo, sauti ndiyo inaondoka. Hizi spika zikienda kabla sijamsikia vizuri, nitabaki na huyu wa pipa mpaka nife."

Nikaendelea kuchana. Siku zilikuwa zinakwenda.

*

Binamu yangu Yunusi, mtoto wa shangazi, ana kibanda Mikese, pale mabasi ya Dar yanaposimama. Anauza makava ya simu, chaja, na vispika vya masikioni. Ni mtu wa kuamini vitu vidogo. Ukimwambia simu yako inakwama atakubandikia kitu nyuma, na ukiondoka pale wewe mwenyewe utaapa kwamba imepona.

Alikuja Jumamosi moja na mfuko mkononi.

"Hodi wenyewe! Mke wangu yupo?"

Huo ndio utani wetu tangu utotoni, kwa kuwa ni mabinamu. "Mkeo nimemwona barabarani anakimbiza basi na mayai ya kuchemsha," nikamjibu. "Ingia, vua viatu."

Akamwamkia mama kwa mbali, yuko mlangoni, kwa heshima ya eda. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu." Akachuchumaa barazani akanifungulia mfuko. Ndani kulikuwa na vitu vinane vyeusi vya mpira, vya duara, kila kimoja kama kifuniko cha chupa ya maji.

"Ndiyo nini?"

"Miguu ya spika."

"Kwani zilikuwa zinatambaa?"

"Cheka tu. Mama yangu aliniambia kwamba mjomba hasikiki vizuri. Spika ikikaa moja kwa moja kwenye saruji inaitetemesha sakafu, na sakafu inaitetemesha spika, zinagombana. Ukiiwekea hii, kila mtu anabaki na lake. Mjini Dar hakuna anayeweka spika bila miguu."

"Na wewe unataka zikifika kwako ziwe zimeshavaa viatu."

"Hilo nalo limo," alisema, akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Lakini mama kwanza, binamu. Kweli."

Mama akaingia chumbani kwake, Yunusi akaingia sebuleni, akabandika ile miguu minne chini ya kila boksi, akabonyeza kila mmoja kwa dole gumba mpaka ukashika. Alipotoka kwenda barazani mama akarudi kwenye kiti cha plastiki. Nikapiga flashi.

Nisiseme uongo, kitu kilibadilika. Kulikuwa na mlio fulani, trrr, kila baba alipotamka neno zito, na mimi nilidhani ni flashi imeharibika. Mlio ule uliondoka.

"Unaona?" Yunusi alisema kutoka nje. "Unaona?"

"Kile kilichokuwa kinatetemeka kimenyamaza," mama alisema. "Ahsante, baba. Lakini yeye bado yuko kwenye pipa."

Yunusi hakukata tamaa. Baada ya wiki mbili alirudi na kitu kingine, vyuma vilivyochongoka kama ncha ya mkuki, vya kusimamishia spika badala ya mpira. Alisema muuzaji amemwambia mpira ni wa wanaoanza. Tukajaribu. Vile vyuma vilitoboa rangi nyekundu ya sakafu, ile aliyoipaka baba kwa mkono wake, na sauti ikabaki vile vile. Mama alipoona matundu alisema neno moja tu, "Viondoe." Nikairudisha ile ya mpira.

Mara ya tatu Yunusi alileta waya.

Waya za baba zilikuwa nyembamba, za rangi ya maziwa, zimekakamaa kwa umri. Hizi mpya zilikuwa nene kama kidole cha mtu mzima, ngozi yake ni angavu, unaiona shaba ndani inang'aa kama nywele za mzungu. Yunusi alizishika kwa mikono miwili.

"Hapa ndipo penye tatizo," akasema. "Sauti ya mjomba ni nene, tunaipitisha kwenye uzi. Haiwezi kupita yote."

Maneno yalikuwa na sura ya kweli, na mimi niliyaamini. Akang'oa za zamani akazitupa pembeni, akaunganisha mpya. Mimi nilizikunja zile kuukuu nikaziweka kwenye ndoo ya vitu vya baba. Kutupa kitu chake kulinishinda siku hizo, hata kama ni msumari uliopinda.

Alipotoka kwenda barazani na mama akarudi kitini, nikapiga. Yunusi mwenyewe alifurahi. "Sikia ilivyopanuka! Imejaa nyumba nzima!"

Ni kweli ilikuwa imejaa nyumba nzima. Baba alikuwa kila mahali, kwenye pembe, kwenye dari, nyuma ya kichwa changu. Ile sauti nene ya kifuani ilikuwa imekonda. Nilimtazama mama. Alikuwa anageuza kichwa polepole, kulia, kushoto, kama mtu aliyeitwa gizani hajui aitikie upande gani.

"Niko wapi?" baba aliuliza.

Mama alisimama. "Zamani alikuwa kwenye pipa, lakini alikuwepo," alisema. "Sasa ndiyo mmemzika."

Akaingia chumbani. Yunusi alibaki barazani ameshika kiatu kimoja mkononi. Tangu siku hiyo mama hakuniomba tena flashi. Alasiri ikifika aliswali, akakaa akitazama ukuta, mpaka jua likapita juu ya mlima na sebule ikawa ya kijivu. Mtu akimsemesha aliitikia, lakini hakuanzisha neno. Na eda ilikuwa imebakiza wiki chache.

*

Mimi nina genge dogo la mboga hapa Bigwa. Asubuhi naenda soko la mjini kuchukua karoti na kabichi zinazoshushwa kutoka milimani. Nyuma ya soko kuna duka la Deepak la vifaa vya redio. Nilikuwa nalipita kila siku bila kuingia. Asubuhi moja niliingia na kapu langu kichwani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Weka kapu chini dada, hapa hapana mwizi ila mimi mwenyewe." Ni mzee wa Kihindi, mnene, alizaliwa hapa hapa Morogoro na babake pia. Nilipojitaja akaacha alichokuwa anafanya. "Mtoto wa Mwinjuma fundi? Pole sana. Kaunta hii unayoishika ni kazi yake."

Nikaitazama ile kaunta. Viungo vyake havikuwa na msumari hata mmoja.

Nikamweleza shida ya mama, yote, na ile miguu, na vile vyuma, na waya. Alisikiliza akikuna shavu.

"Hivi vitu ninavyo vyote," alisema, akanionyesha kwenye rafu. "Nauza. Sisemi havifai. Sakafu ikitetemeka, kabati likilia, weka mpira, utanishukuru. Lakini mtu ana chumba kitupu cha saruji, anataka nimuuzie kitu cha kutia mfukoni, kifanye kazi ya zulia na makochi. Hicho sina." Akaipapasa ile kaunta. "Baba yako alikuwa anakuja hapa, anashika kila kitu, anarudisha. Nilimwambia, Mwinjuma, chukua basi hata miguu. Akasema, mimi nina stuli zangu."

"Stuli?"

"Ndivyo alivyosema. Nina stuli, nina zulia, na nina masikio ya mke wangu."

Nilirudi Bigwa na kapu langu, na njia nzima nilikuwa naiona sebule ya zamani, kitu kimoja kimoja. Nilikuwa nimeishi ndani yake miaka yote na kuifagia kila asubuhi, na niliporudisha spika niliziweka chini kama viatu. Baba alikuwa amezichongea stuli, fupi, za mninga ule ule. Zilifunikwa vitambaa vya kufuma hadi chini, ndiyo maana jicho halikuziona tena.

Nilipofika nyumbani nilipiga magoti sebuleni. Kwenye rangi nyekundu ya sakafu kulikuwa na alama za duara, nne huku na nne kule, mahali ambapo rangi haikufifia. Hazikuwa ukutani nilikoziweka spika mimi. Zilikuwa mbele kidogo, zimeelekea mahali pa kiti cha mama.

Stuli moja niliikuta jikoni kwetu. Siku ya msiba wanawake waliopika walikuwa wameikalia, tangu hapo imebaki pale na doa jeusi la sufuria. Ya pili ilikuwa kwa jirani yetu Paskalia, ambaye aliondoka nayo akiwa amebebea vyombo.

"Jamani, nilidhani ni ya kwangu!" alisema, akaifuta kwa upande wa kanga. "Ninakalia kila siku napepeta mchele. Mwambie mama anisamehe."

Zulia na makochi yalikuwa uani, na yalikuwa yamehesabiwa. Hapo sikuwa na ruhusa. Nikampigia Yunusi.

"Nataka kurudisha vitu sebuleni," nikamwambia. "Vyote, kama vilivyokuwa."

"Mama yangu atasema tunafungua msiba kabla ya siku yake."

"Eda inaisha Ijumaa. Alhamisi tu, jioni moja. Vitu ni vyako au si vyako?"

"Ni vyangu."

"Basi viazimishe sebule."

Nilimsikia akihema. "Wewe ungekuwa mke wangu kweli ungenifilisi," alisema. "Nakuja."

*

Alhamisi mawingu yalikuwa yameshuka mpaka nusu ya mlima. Mama alikuwa chumbani, akasikia tunaburuza vitu, hakuuliza. Tulitandika zulia. Tukaingiza makochi na kabati, tukatundika mapazia mazito, na kile kiti cha mama tukakiweka penye alama zake, maana hata kiti kilikuwa na alama. Kadiri tulivyoingiza vitu ndivyo sauti zetu wenyewe zilivyobadilika. Yunusi ndiye aliyeliona hilo.

"Binamu, ongea kidogo."

"Niongee nini?"

"Unasikia? Nyumba imeacha kutujibu."

Tukaweka stuli juu ya zile duara, na spika juu ya stuli. Nilikaa kwenye kiti cha mama. Spika zilikuwa zinanitazama usoni, si magotini. Tulipiga flashi kwa sauti ya chini, mama asisikie kabla haijawa tayari.

Pipa halikuwepo. Lakini baba bado alikuwa ametawanyika. Maneno yalikuwa safi, yeye hakuwa mahali.

Yunusi alikaa kwenye mkono wa kochi. "Nimeweka mpira, nimeweka chuma, nimeweka shaba," alisema. "Sasa sijui anataka nini mjomba."

Nilikwenda kuleta ile ndoo. Nilikuwa na wazo moja tu, kwamba kila kitu alichokiweka baba tumekirudisha isipokuwa kile. Nilizikunjua waya kuukuu chini ya dirisha. Kila waya ni nyuzi mbili zilizogandana, na mwishoni zinaachana. Sasa, kwenye kila mwisho, baba alikuwa amefunga fundo dogo la uzi mwekundu kwenye mguu mmoja wa waya. Mmoja tu, mwingine hauna. Uzi wenyewe niliutambua, ulikuwa wa pindo la kanga ya mama.

"Yunusi, kwa nini afunge mmoja tu?"

Akachukua waya, akautazama. Akaugeuza. Halafu akainama nyuma ya amplifaya na kukaa huko muda, na alipotoa kichwa uso ulikuwa umebadilika.

"Huku nyuma pana nyekundu na nyeusi," alisema. "Na kwenye spika pana nyekundu na nyeusi. Waya zangu zile pande zote zinafanana, zote zinang'aa. Nimeunganisha ya kulia sawa. Ya kushoto nimeipindua." Alijipiga paji la uso. "Moja inasukuma, nyingine inavuta. Mwezi mzima! Nimemgeuza mjomba miguu juu mwezi mzima, halafu nikasema sikia ilivyopanuka!"

Nilitaka kumcheka, ndiyo desturi yetu, lakini niliona macho yake yamejaa, nikaacha.

"Weka za kwake," nikasema.

Alizirudisha zile nyembamba za rangi ya maziwa, uzi mwekundu kwenye nyekundu, huku na kule. Sidhani kama za kwake zilikuwa bora kuliko zile nene. Zilikuwa zimeunganishwa sawa, basi. Ile miguu ya mpira tuliiacha, kwa kuwa ilisaidia.

Yunusi akatoka barazani, akakaa ameupa ukuta mgongo. Nikamwita mama.

Alisimama mlangoni mwa chumba kwa muda, ameshika pazia. Aliitazama sebule yake. Kisha akatembea kwenye zulia, taratibu, akakaa kwenye kiti chake, akaweka mikono kwenye mapaja. Nikachomeka flashi nikajivuta nyuma ya kochi.

"Mama Chausiku."

Mama hakutikisika.

"Habari za hapo ulipo? Mimi nipo."

Alikuwa pale. Nami nilikuwa pembeni, nilisikia upande mmoja zaidi ya mwingine, lakini nilijua yuko pale kwa sababu niliona macho ya mama. Hayakwenda kwenye spika ya kulia wala ya kushoto. Yalikwenda ukutani, chini ya saa, kwenye urefu wa uso wa mwanaume, yakatulia.

"Haya, niambie, niko wapi?"

"Katikati," mama alisema. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, kama mtu aliyeulizwa kitu na mwenzake aliye mbele yake.

Flashi ikaisha. Mama akalia. Miezi yote ile sikuwa nimemwona analia hivyo, kwa kifua, bila kujizuia. Huko barazani Yunusi alikohoa. Sikumgusa mama. Nilikaa chini kwenye zulia karibu na miguu yake mpaka alipomaliza, na alipomaliza hakuniomba kurudia.

*

Ijumaa mama alitolewa eda. Aliogeshwa, akabadilisha nguo, wanawake wakaja. Shangazi Mwanvita aliingia sebuleni akakuta vitu vimepangwa, akanitazama. Nikainamisha kichwa. Alipapasa kitambaa cha stuli kama anayeangalia vumbi, kumbe anapangusa macho.

Gari la kubebea lilipofika, Yunusi alimfuata mama barazani, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, spika zibaki. Nimeshaongea na mama yangu. Mimi nitachukua vyombo vya useremala."

Shangazi aligeuza uso pembeni, hakukataa.

Mama alimwangalia Yunusi kwa muda. "Mjomba wako alizichonga akijua zitakwenda wapi," alisema. "Nilikuwa nazililia kwa sababu nilikuwa simpati. Sasa nimempata, yuko humu." Hakujigusa kifua wala kichwa, alisema tu. "Chukua, baba. Na stuli zake chukua. Na waya zake, usiziache."

"Mama..."

"Chukua."

Wakazibeba. Safari hii walibeba polepole, Yunusi mwenyewe nyuma, akiwaambia angalieni, angalieni. Sebuleni zikabaki zile duara kwenye sakafu. Jumamosi nilipopaka nta mama aliniambia nipite pembeni yake, nisizifunike.

Flashi ilibaki kwetu, Yunusi alijinakilia ile sauti. Baada ya siku kadhaa akapiga simu, nikaiweka kwa sauti mama asikie.

"Nimepanga kila kitu kama kwenu," alisema. Nyuma yake honi za mabasi zilikuwa zinapiga kelele. "Zulia nimetandika, stuli zipo, nyuzi nyekundu kwa nyekundu. Nimekaa, nimemsikiliza. Maneno ni yale yale na pipa hakuna. Lakini mama, mjomba yuko kushoto kidogo."

Mama alikuwa anachambua mchele. Akaacha, na kwa mara ya kwanza tangu baba aondoke nikamsikia anacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Mwambie asogeze kiti," alisema.